Uwakili wa Ghala: Mafunzo ya Kusimamia Ugavi wa Dawa za VVU

Hotuba iliyotolewa na mwana Usharika katika Siku ya Diakonia, wakati wa Maadhimisho ya Miaka 100 ya Usharika



Kamati ya Maadhimisho imenipa heshima ya kuzungumza juu ya kazi niliyoifanya kwa miaka kadhaa, yaani kuongoza mradi wa ugavi wa dawa za kupunguza makali ya VVU katika Kanda ya Ziwa. Wapo watakaojiuliza kazi ya maghala, malori na hesabu inahusiana vipi na historia ya kanisa. Ili kuwajibu, naomba kwanza nikumbushe tulikotoka.

Historia ya Usharika huu haiwezi kuandikwa bila kuutaja mwaka 1983, ambapo wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa hapa mkoani kwetu Kagera. Ugonjwa ulikuwa haujapata jina, na watu wakauita Juliana, kwa jina la nguo zilizokuwa zikiingizwa kwa magendo kutoka Uganda. Kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imekwisha kutoa taarifa za wagonjwa. Sisi wa rika langu tunazikumbuka Jumamosi zilizogeuka kuwa siku za mazishi, mashamba ya migomba yaliyokosa wa kuyapalilia, na akina bibi waliorudia ulezi wa watoto wachanga katika uzee wao. Kanisa lilifanya lile lililoweza. Lilizika, lilifariji, na kwa njia ya HUYAWA, Huduma ya Watoto ya Dayosisi yetu, lilisimama na yatima. Tiba halikuwa nayo.

Tiba yenyewe ilikuwako duniani. Mwaka 1996 ilithibitika kwamba mchanganyiko wa dawa tatu huweza kukizuia kirusi, lakini gharama yake kwa mgonjwa mmoja ilikuwa zaidi ya dola 10,000 za Marekani kwa mwaka. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kwamba ingeweza kuutoa mchanganyiko huo kwa dola 350 kwa mwaka kwa mashirika ya misaada. Mwaka 2002 ukaanzishwa Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria, na mwaka 2003 Marekani ikatangaza mpango wake uitwao PEPFAR. Oktoba 2004 Serikali yetu ikaanza kutoa dawa hizo bila malipo. Kwa mara ya kwanza tangu 1983, mgonjwa aliyeingia hospitali kwa machela aliweza kutoka kwa miguu yake.

Wengi walidhani vita vimekwisha. Sisi tuliokabidhiwa ugavi tulijua kwamba vilikuwa vimehamia mahali pengine. Dawa hizi haziponyi, bali hukituliza kirusi kwa muda wote zinapomezwa. Mgonjwa akikatiza dozi, kirusi huamka, na mara nyingine huamka kikiwa kimejifunza kuishinda dawa. Kwa hiyo nchi inayomwanzishia mtu dawa leo imeweka naye agano la maisha yake yote, nalo hutimizwa au kuvunjwa kila mwezi, katika dirisha la dawa.

Tafakarini safari ya chupa moja. Ilitengenezwa India, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam, ikakaguliwa na mamlaka ya dawa, ikaingia Bohari ya Dawa, ambayo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1993. Kutoka hapo ikaenda Mwanza, ikasubiri zamu yake kwenye kivuko cha Kigongo na Busisi, ikapita Sengerema na Geita hadi ikafika huku kwetu. Kivuko kile kilitufundisha uvumilivu, na nilimshukuru Mungu Daraja la John Pombe Magufuli lilipofunguliwa pale tarehe 19 Juni 2025. Muda kati ya kuagiza kiwandani na dawa kufika katika rafu ya kituo huhesabiwa kwa miezi. Maana yake ni kwamba mhudumu anayegundua leo kuwa dawa zimekwisha amechelewa kwa miezi mingi. Alipaswa kulijua jambo hilo wakati rafu ilipokuwa bado imejaa.

Atalijuaje? Kwa kuhesabu. Tuseme kituo kina wagonjwa 200, na kila mmoja anatumia chupa moja kwa mwezi. Kikitakiwa kuwa na akiba ya miezi mitatu, kinahitaji chupa 600. Kama rafuni zimo 260, kitaagiza 340. Hesabu hii mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Ugumu wake umo katika kupata ile 260 na ile 200 zilizo za kweli. Lazima mtu asimame mbele ya rafu, ahesabu kwa mkono wake, alinganishe na leja, na aandike alichokiona hata kama kinamwaibisha. Maabara, bandari, malori na kompyuta zote zinaitegemea namba inayoandikwa na mtu mmoja mwenye kalamu katika chumba kidogo cha dawa kijijini.

Sasa naomba niseme jambo ambalo sijawahi kulisema hadharani, kwa kuwa kitabu cha historia kisichotaja makosa hakiwafundishi watakaokuja.

Katika miaka ya mwanzo ya mradi, kipimo chetu kikubwa cha mafanikio kilikuwa idadi ya vituo vilivyoleta taarifa kwa wakati. Tulivisifu vituo vilivyowahi, nami nilijivunia kuwaonyesha wafadhili jinsi idadi hiyo ilivyokuwa ikipanda. Wakati huo dawa za watoto wadogo zilikuwa za maji, chupa tofauti kwa kila dawa, na dozi ya mtoto hubadilika kadiri anavyoongezeka uzito. Hesabu yake haitulii kama ya mtu mzima.

Kituo kimoja, ambacho sitakitaja, kiliishiwa dawa hizo kwa siku tisa. Siku ya saba nilikuwapo pale kwa ukaguzi wa kawaida. Katika benchi la nje alikaa bibi mmoja na mjukuu wake, mtoto wa marehemu binti yake. Alikuwa amekwisha kuja mara moja juma lile, akaambiwa arudi. Nilimsalimu shikamoo, nikamwuliza habari za mtoto. Akanijibu kwa upole kwamba mtoto hajambo, kwa kuwa yeye alitambua mapema kuwa dawa ni chache, akawa anampa mara moja kwa siku badala ya mbili ili chupa ifike mbali. Alilisema kama mtu anayetegemea kusifiwa kwa kuweka akiba.

Nilirudi ndani nikaomba taarifa za kituo. Taarifa ya kipindi kile na ya kipindi kilichotangulia zilikuwa na namba zilezile, mstari kwa mstari. Mhudumu alikuwa peke yake katika zamu, wagonjwa wakiwa wengi, naye aliogopa kuonekana amechelewa. Akanakili taarifa ya zamani. Dawa zenyewe zilikuwapo katika ghala la kanda, na zingeweza kuletwa. Chini ya muhtasari ulioziunganisha taarifa za vituo vyote palikuwa na saini yangu. Nilikuwa nimetazama kama taarifa imefika, nisitazame kama ni ya kweli. Mhudumu yule alinakili kwa sababu mimi nilimfundisha, bila kukusudia, kwamba kuwahi ndiko kunakosifiwa.

Baadaye mtoto yule alilazimika kubadilishiwa dawa. Siwezi kudai kwamba siku zile peke yake ndizo zilizosababisha, wala siwezi kuapa kwamba hazikuchangia. Tangu hapo sijaweza kulisoma neno la Bwana wetu kuhusu uaminifu katika mambo madogo bila kuliona benchi lile.

Tulibadilisha utaratibu. Wasimamizi wetu waliacha kuanza ukaguzi ofisini, wakaanzia kwenye rafu, na mwenyeji na mgeni wakahesabu pamoja. Kituo kilichokiri upungufu kilipelekewa dawa kwanza, na maswali yalifuata baadaye bila kemeo. Mwanzoni namba zetu zilionekana kuharibika, kwa maana sasa tuliyaona mapungufu yaliyokuwa yamefichwa. Haikuwa rahisi kuwaeleza wafadhili kwamba huo ulikuwa mwanzo wa kupona. Katika miaka ya 2010 taarifa zilianza kutumwa kwa ujumbe wa simu na kwa mfumo wa kompyuta, na kazi ikawa nyepesi. Hata hivyo kompyuta hupokea uongo kwa haraka ileile inayopokea ukweli.

Nilijifunza pia kwamba hesabu ya dawa hubeba mambo ambayo hayaandikwi kwenye leja, nayo ndiyo yanayouhusu Usharika huu.

La kwanza ni aibu. Yuko mwana Usharika anayekipita kituo cha kijijini kwake, akasafiri hadi wilaya nyingine ili asionekane na majirani. Kituo cha nyumbani hakimhesabu, na kile cha mbali kinamhesabu hadi siku anapokosa nauli. Masengenyo yanayosemwa nje ya kanisa baada ya ibada yanafika mpaka kwenye ghala, na kuikosesha nchi hesabu yake.

La pili ni mafundisho yetu juu ya uponyaji. Mwaka 2011 maelfu ya watu walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe, na wapo waliorudi wakaacha dozi zao. Sisemi hili kwa kumhukumu mtu. Nalisema kwa sababu wengi wa waliokwenda walikuwa watu wa makanisa yetu, nao hawakutuuliza sisi. Mungu aponya, na tunaamini hivyo. Lakini mchungaji au mwombezi amwambiapo mgonjwa aache dawa kabla daktari hajasema, amejitwalia mamlaka ambayo hakupewa.

La tatu ni utegemezi. Tarehe 20 Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje ili iitathmini, na tarehe 1 Julai mwaka huohuo shirika lake la misaada, USAID, likaacha rasmi kuendesha miradi hiyo. Ingawa kibali maalumu kilitolewa kwa ajili ya huduma za kuokoa maisha, katika siku zile za mwanzo nilipigiwa simu na watu niliowahi kufanya kazi nao. Wote waliuliza swali moja: rafuni kumebaki nini? Walioweza kujibu mara moja ni wale waliokuwa wamehesabu. Hatuna budi kuwashukuru kwa moyo wote watu wa mbali waliotubeba tangu 2003. Pia hatuna budi kukiri kwamba agano tuliloweka na wagonjwa wetu liliegemea mno mfuko wa mwenzetu.

Zipo dalili za matumaini. Mwaka 2004 vidonge vya kwanza vilikuja kwa dozi mbili kwa siku, na madhara yake wengi wetu tunayajua. Tangu mwaka 2019 wagonjwa wetu walianza kuhamishiwa kwenye kidonge kimoja kwa siku chenye dolutegravir, ambacho kwa makubaliano ya mwaka 2017 bei yake ilishuka hadi takriban dola 75 kwa mwaka. Mwaka 2023 kiwanda cha Universal Corporation cha nchini Kenya kilikuwa cha kwanza barani Afrika kupata ithibati ya Shirika la Afya Duniani kwa kidonge hicho. Nasi tunao Mfuko wa Udhamini wa UKIMWI, ulioanzishwa kisheria mwaka 2015. Mambo haya hayatoshi bado, lakini ni yetu.

Basi, ndugu zangu, tunapoingia katika miaka mia ya pili, ninayo maombi matatu. Wale tuliowachagua kuingia katika kamati za zahanati na vituo vya afya waombe kuiona leja, na siku dawa zinapopokelewa wawepo kushuhudia zikihesabiwa. Wazee wa kanisa na viongozi wa umoja wa wanawake, wanaume na vijana waufanye Usharika huu kuwa mahali ambapo mtu aweza kumeza kidonge chake bila kugeukia ukutani. Na katika mafungu ya diakonia litengwe fungu dogo la nauli ya kliniki, maana safari ya chupa kutoka India haina faida ikiwa mwenye chupa ameshindwa kulipia bodaboda.

Tunamkumbuka Yusufu kwa ndoto zake, na mara nyingi tunasahau kwamba Mungu aliiokoa Misri kwa njia ya maghala yaliyosimamiwa vema katika miaka ya neema. Mjane wa Sarepta alipewa unga usiopunguka katika chombo chake. Sisi wasimamizi wa ghala hatukuahidiwa muujiza huo. Tumepewa macho, mikono na kalamu, na tutaulizwa habari zake.

Bibi yule wa benchini amekwisha kulala katika Bwana. Mjukuu wake sasa ni mtu mzima, na angali anakunywa dawa. Kila mwezi yuko mtu anayemhesabia. Mungu amjalie mtu huyo kuandika kweli.

Mungu aubariki Usharika huu.