Kabla ya Kununua Kamera Iliyotumika, Chungulieni Lenzi
(Maelezo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya Makatibu wa Vyama vya Msingi)



Nimeombwa niseme machache juu ya ununuzi wa kamera zilizokwisha kutumika. Vyama vyetu kadhaa vyahitaji kamera kwa ajili ya vitambulisho vya wanachama, kumbukumbu za ghala, na ushahidi wa mazao yaliyoharibika. Kwa kuwa kamera mpya ni ghali, si vibaya Kamati kuamua kununua iliyotumika. Ubaya ni kuinunua kwa kutazama umbo lake la nje tu. Picha hupita katika lenzi, na adui mkubwa wa lenzi katika nchi za joto na unyevu, hasa huku pwani, ni kuvu.

Mbegu za kuvu zimo hewani kila mahali. Huota pale unyevu wa hewa uzidipo asilimia 60 hadi 70 kwa muda mrefu, hasa gizani na pasipopita hewa. Chakula chake ni vumbi na mafuta ya vidole. Ikikua hutoa tindikali inayokula utando mwembamba uliopakwa juu ya kioo, na mwishowe kioo chenyewe. Alama hiyo haifutiki hata kuvu ikiondolewa.

Ukaguzi wake hauhitaji ila tochi na subira.

Kwanza, lenzi itolewe katika kamera, na vifuniko vyake vyote viwili viondolewe.

Pili, tundu la kupitishia mwanga lifunguliwe mpaka mwisho. Katika lenzi zenye pete, pete iwekwe kwenye namba ndogo kuliko zote, kama vile 2 au 2.8. Likiwa halifunguki kwa pete, mwuzaji atakiwe kulifungua.

Tatu, mwanga wa tochi uelekezwe nyuma ya lenzi kwa mshazari, nanyi mtazame kwa mbele, kisha mgeuze. Msiukodolee macho mwanga wenyewe.

Nne, zungusheni polepole pete ya kulengea, maana katika lenzi nyingi vioo vya ndani husogea na kufichua kilichokuwa kimejificha.

Mtakachokiona mkitofautishe. Vumbi ni nukta zilizotawanyika, na nukta chache hazina madhara. Mkwaruzo ni mstari juu ya kioo. Weupe kama maziwa uliotanda kote ni utando, mara nyingi wa mvuke wa mafuta. Kuvu ni nyuzi zenye matawi, mfano wa mizizi au utando wa buibui, na mara nyingi huanzia ukingoni.

Mwuzaji aweza kusema kwamba nyuzi chache za pembeni hazionekani katika picha. Huenda asema kweli leo. Lakini zikienea, picha hufifia, hasa ikipigwa kuelekea kwenye mwanga; na malipo ya fundi wa kuifungua lenzi yaweza kuzidi bei yake. Kwa hiyo Katibu asiipokee.

Tena, ununuzi usifanywe na mtu mmoja. Wajumbe wawili wa Kamati wafuatane na Katibu. Namba ya lenzi iandikwe katika stakabadhi, pamoja na ahadi ya kuirudisha kwa siku zilizokubaliwa ikionekana ina kasoro. Matokeo ya ukaguzi yaingizwe katika muhtasari na daftari la mali.

Baada ya kununua, msiifungie kabatini ndani ya mkoba wa ngozi, kwani ngozi hushika unyevu. Iwekeni katika chombo kinachofunga barabara, pamoja na vipakiti vya chembe za silika, vikaushwe kila vinapojaa maji. Na itumieni mara kwa mara.

Ndugu zangu, mwanachama aliyepoteza mazao akiletewa picha iliyofifia, hana cha kumwonyesha anayepima hasara yake. Na kitambulisho chenye sura isiyotambulika chaweza kumpa mtu mwingine malipo ya mwenye haki. Dakika kumi za tochi zaweza kuzuia hasara zote hizo mbili.