Joto Kuwa Umeme: Kazi ya Kuchanganya Madini



Kila apikaye ajua ya kuwa kijiko cha chuma kikiachwa ndani ya chungu kilichoko motoni humchoma mkono, lakini mwiko wa mti haumchomi. Chuma hupitisha joto, mti hulizuia. Na umeme vivyo hivyo: chuma huupitisha, mti huuzuia. Leo twataka kuwaeleza habari za wataalamu waliotafuta kitu kilicho adimu, kipitishacho umeme kama chuma na kuzuia joto kama mti. Sababu ya kukitafuta ni hii.

Mwaka 1821, katika mji wa Berlin, Thomas Seebeck aliunga shaba na bismuthi, madini yavunjikayo upesi, akafanya mfano wa pete. Alipotia moto kiungo kimoja na kukiacha cha pili baridi, sindano ya dira iliyokuwa karibu iligeuka. Seebeck alidhani ya kuwa joto limezaa sumaku, alikosea. Hans Christian Ørsted wa Denmark ndiye aliyefahamu ya kuwa umeme ulikuwa ukizunguka ndani ya pete ile. Basi huo ni mtambo usio na gurudumu wala kelele: upande mmoja moto, upande wa pili baridi, na umeme hutoka.

Lakini umeme huo ni haba mno. Chukueni waya wa shaba na waya wa konstantani, yaani shaba iliyochanganywa na nikeli. Kiungo kimoja kikiwa katika maji yachemkayo na cha pili katika barafu, jozi hiyo hutoa kadiri ya sehemu 4 katika 1000 za volti moja. Kupata nguvu ya betri moja ya tochi, yaani volti 1.5, yatupasa kuunga jozi zaidi ya 300. Tena joto hupita upesi katika waya, na upande wa baridi nao huanza kupata moto. Tofauti ikipotea, umeme hukoma. Ndiyo ile taabu ya kijiko.

Katika metali, elektroni zichukuazo umeme ndizo zichukuazo na joto jingi. Kwa hiyo wataalamu waliziacha metali, wakashika vitu vya katikati, visivyopitisha umeme sana kama shaba wala kuuzuia kama mti. Mwaka 1954 H. J. Goldsmid na R. W. Douglas wa Uingereza walionyesha ubora wa bismuthi iliyoungana na teluri.

Hata hivyo, joto lina njia nyingine ya kusafiri. Fikirini wanafunzi 40 waliosimama mstari mmoja, bega kwa bega, wote wa uzito mmoja. Ukimsukuma wa kwanza, msukumo hufika hata kwa wa mwisho. Sasa wekeni mtu mzima mzito hapa na mtoto mwepesi pale: msukumo huvurugika na kupotea njiani. Atomu nazo hutikisana hivyo. Zikichanganywa nzito na nyepesi, joto hukwama, lakini elektroni hupenya bila kuzuiwa sana, maadamu vitu vilivyochanganywa vyapatana kwa umbile. Shauri hili lilitolewa na A. F. Ioffe wa Leningrad na wenzake katika miaka ya 1950. Ndipo bismuthi na teluri zikachanganywa na antimoni au seleni. Silikoni nayo ikichanganywa na gerimani, joto lipitalo ndani yake hupungua hata chini ya sehemu moja katika kumi.

Je, kazi hiyo ilimfaa nani? Katika miaka hiyo hiyo ya 1950, vijiji vya Urusi visivyo na umeme vilipata taa za mafuta zilizozungushiwa jozi nyingi za namna hii. Taa iliwaangaza watu, na joto lake likaendesha redio yao. Nazo Voyager 1 na Voyager 2, vyombo vya Marekani vilivyorushwa angani mwaka 1977, vilichukua silikoni na gerimani iliyopashwa moto kwa plutoni. Kila chombo kilianza na wati 470 hivi, na baada ya miaka 40 bado vilikuwa vikileta habari kutoka mbali kuliko jua liwezapo kusaidia.

Twapenda kusema kweli: katika kila sehemu 100 za joto, mitambo hiyo iliyotajwa hutoa chini ya 10 za umeme. Teluri ni adimu, na risasi, itumiwayo katika michanganyo mingine, ni sumu. Mtu akiwauzia jiko litoalo umeme, msitazamie liangaze nyumba nzima. Linaweza kuendesha feni ndogo ya kupulizia moto, na moshi ukapungua machoni pa mama. Hilo nalo si dogo. Lakini kwanza muulizeni: upande wa baridi utapozwa na nini? Asipojua, fedha zenu na zikae mfukoni.