Oili Nayo Ina Joto Lake

Juma hili nilitembelewa na kijana wa mtaani kwetu hapa Nairobi, mwenye Subaru Impreza ya turbo. Colin McRae alipoishinda Safari Rally ya mwaka 1997 kwa Impreza, kijana huyu alikuwa bado hajazaliwa, lakini mapenzi ya gari lile ameyarithi. Mkononi alibeba rejeta ya oili kubwa kama sinia, aliyoinunua kwa wauza vipuri vikuukuu.

"Mzee, nataka injini yangu isichemke," akaniambia.

Nikamwuliza: oili yako hufika joto gani? Hajui. Geji iliyomo garini mwake hupima maji tu, nayo maji yanaweza kutulia pale pale huku oili ikizidi kupanda.

Sasa, oili haitakiwi kuwa baridi. Kati ya nyuzi 90 na 110 za sentigredi hufanya kazi yake vyema. Ikipita 130 kwa muda mrefu huwa nyepesi mno, beringi zikakosa kinga. Lakini ikikaa kwenye 60 au 70 siku zote, unyevu na petroli vinavyopenya ndani yake havikauki, na injini hulika polepole pasipo kelele. Kwa mtu wa safari fupi za kwenda kazini, na asubuhi za Julai tunazijua zilivyo, rejeta kubwa isiyo na themostati ni hasara ya kujinunulia.

Tena Impreza ya turbo hutoka kiwandani na kipoza oili kidogo, kati ya chujio la oili na injini. Maji ya rejeta hupita humo: gari likiwa baridi huipasha oili, likipata moto huipunguzia joto. Kwa barabara za kawaida chatosha.

Anayekwenda mashindanoni, akakanyaga mafuta dakika 20 mfululizo, huyo ndiye mwenye haja ya rejeta ya kupozwa kwa upepo. Naye atafute kisahani chenye themostati inayofunguka kwenye nyuzi 80 hivi, kinachofungwa penye chujio. Rejeta aiweke nyuma ya bampa, upepo uifikie na mawe yasiifikie, na mipira yake isisuguane na chuma. Mpira ukipasuka, oili huweza kumalizika kabla hujapata pa kuegesha. Akishaifunga, awashe injini kidogo, azime, kisha apime oili upya, maana rejeta nayo hunywa.

Nilimshauri kijana amimine mafuta ya taa ndani ya rejeta yake na kuitikisa. Zikatoka chembe za chuma zinazong'aa. Yaelekea ilifunguliwa kwenye gari lililokufa beringi, na vijia vyake ni vyembamba mno, havisafishiki hata ukikesha. Chembe zile zingeifuata oili hadi ndani ya injini yake nzima.

Muuzaji amekataa kurudisha pesa. Kijana amenunua geji ya joto la oili, na Jumamosi fundi ataifunga.