Uzi Katika Nyumba ya Chama



Sisi wa reli twajua kelele. Twajua pia mkutano ambao maneno ya msemaji hupiga ukuta yakarudi, na walio nyuma wasisikie kitu. Basi sikilizeni habari ya uzi.

Huko Bernau, karibu na Berlin, vyama vya wafanya kazi wa Ujerumani vilijenga shule yao, ikamalizika mwaka 1930. Ukumbi wake ulikuwa na mwangwi. Bibi Anni Albers alifuma kitambaa cha ukutani: upande mmoja pamba ya kumeza sauti, upande wa pili selofeni ya kurudisha mwanga. Kwa kazi hiyo akapewa cheti cha shule ya Bauhaus, ambako wanawake walikuwa wakisukumwa kwenye ufumaji. Mwaka 1949 jumba kubwa la sanaa la New York likafanya maonyesho ya vitambaa vyake peke yake.

Shule ile Wanazi waliinyang'anya mwaka 1933, lakini ufundi haunyang'anywi.

Ndugu, mama zetu wanaosuka vyondo wana akili iyo hiyo ya kuhesabu nyuzi. Tukinunua kazi yao, tusipunje. Sisi tudaio mshahara wa haki, tuanze kuulipa.