Tone la Damu la Gattaca

Msikilizaji, katika filamu nyingi za majaribio ya vinasaba kinachotisha ni zimwi. Dinosau wa Jurassic Park, 1993, huvunja ua na kula watu. Gattaca ya 1997, iliyoongozwa na Andrew Niccol, haina zimwi hata moja, nayo ndiyo inayonitisha zaidi. Mhusika mkuu, Vincent, amezaliwa bila vinasaba vyake kuchaguliwa, katika jamii inayochagua vinasaba vya watoto. Tone la damu latosha kumnyima kazi ya mwanaanga. Wanaombagua ni watu wapole, maofisini. Nje ya filamu, mwaka 2018 mwanasayansi wa China, He Jiankui, alitangaza kuzaliwa kwa mapacha aliohariri vinasaba vyao wakiwa viinitete. Alihukumiwa kifungo cha miaka 3. Kwa hiyo sheria ziandikwe sasa, kabla waajiri na kampuni za bima hawajazoea kudai vipimo vya vinasaba vyetu.