Aliyefungwa Mbali, Nani Anamuulizia?

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari wa Handeni na Korogwe. Tumeyaandika hapa ili nawe ambaye hukuwepo uyasome.)

Wewe unayesoma gazeti hili peke yako, pengine chini ya mwembe wakati wa mapumziko, sogea karibu, mazungumzo haya ni yako pia.

Mmezoea kwamba nikija nazungumzia malaria, hedhi, UKIMWI na mimba za utotoni. Leo nataka tuzungumze juu ya wanamichezo wawili wa kike. Wote wawili walifungwa katika nchi isiyo yao. Mmoja dunia nzima ilimlilia akiwa bado gerezani. Wa pili dunia ilimlilia akiwa ameshakufa. Najua kuna mtu pale nyuma anataka kuniuliza, "Dada, sasa hiyo na afya wapi na wapi?" Subiri kidogo. Tukifika mwisho utajijibu mwenyewe.

DADA WA MPIRA WA KIKAPU

Wa kwanza ni Brittney Griner, Mmarekani. Ni mrefu kweli kweli, na alikuwa ameshachukua medali mbili za dhahabu za Olimpiki kabla ya mkasa wake. Kila ligi ya kwao ilipopumzika alikwenda kucheza Urusi. Kwa nini? Kwa sababu kule wachezaji bora wa kike walilipwa vizuri zaidi kuliko kwao. Mnaona? Hata bingwa wa Olimpiki anafunga begi na kufuata riziki mbali, kama dada zetu wanaopanda basi pale Korogwe kwenda Dar es Salaam.

Tarehe 17 Februari 2022 alikamatwa katika uwanja wa ndege karibu na Moscow. Ndani ya begi lake walikuta vichupa vya kuvutia mvuke vyenye mafuta ya bangi. Yeye alieleza kwamba daktari wa kwao alimruhusu kutumia bangi kwa ajili ya maumivu, na kwamba vile vichupa vilibaki kwenye begi kwa sababu alifungasha kwa haraka. Lakini sheria ya Urusi haikujali cheti cha daktari wa Marekani. Tarehe 4 Agosti 2022 alihukumiwa kifungo cha miaka 9. Miaka 9 kwa kitu kidogo kuliko kidole!

Hapa tusimame kidogo. Kuna wanaosema eti bangi siku hizi imeruhusiwa. Wapi? Kuna majimbo na nchi zilizoruhusu, ndiyo. Tanzania hairuhusiwi, na sheria yetu ya dawa za kulevya haina mchezo. Unapovuka mpaka, desturi ya kwenu haivuki na wewe. Begi lako ni wewe mwenyewe. Kilichomo ndani yake, utakijibia.

KELELE AU KIMYA?

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Griner alipokamatwa, kwa zaidi ya wiki mbili magazeti hayakuandika kitu. Habari ilitoka mwanzoni mwa Machi. Urusi ilikuwa imeivamia Ukraine tarehe 24 Februari, wiki moja tu baada ya yeye kukamatwa, na uhusiano wa nchi hizo mbili ulikuwa mbaya sana. Watu wa karibu naye waliogopa kwamba kelele zingempandisha bei, kama vile muuzaji anavyopandisha bei akiona mnunuzi ana shida sana na bidhaa.

Baadaye mambo yalibadilika. Mwezi wa Mei 2022 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba ameshikiliwa isivyo haki. Mke wake, wachezaji wenzake na mashabiki wakaanza kupaza sauti. Julai, katika mechi ya nyota wa ligi yao, wachezaji wote waliingia kipindi cha pili wakiwa wamevaa namba 42, namba yake. Kocha wake alisema hadharani kwamba kama angekuwa mchezaji maarufu wa kiume, angekuwa ameshafika nyumbani. Tarehe 8 Desemba 2022 aliachiliwa kwa kubadilishwa na mfanyabiashara wa silaha, Mrusi aliyekuwa amefungwa Marekani.

Je, ni kelele zilizomtoa, au ni mazungumzo ya chini chini? Nadhani vyote viwili. Mazungumzo yalifanywa na wakubwa, lakini wakubwa huzungumza haraka zaidi wakijua kwamba watu wanauliza. Griner mwenyewe alikuja kueleza kwamba wiki za mwanzo gerezani alifikiria hata kujiua, akajizuia. Mfungwa anayejua kwamba nje kuna watu wanamtaja jina, huyo ana kitu cha kushikilia. Na hapo ndugu yangu wa kule nyuma, tumeanza kuingia kwenye afya.

MKIMBIAJI WA MOGADISHU

Wa pili alikuwa jirani yetu wa Afrika Mashariki. Samia Yusuf Omar alizaliwa Mogadishu mwaka 1991, mwaka ule ule serikali ya Somalia ilipoanguka. Baba yake aliuawa. Mama yake aliuza matunda. Samia alikuwa mkubwa kati ya watoto sita, na alifanya mazoezi ya kukimbia katika mji wa vita.

Mwaka 2008, akiwa na umri wa miaka 17 (mnaona, umri wenu!), aliiwakilisha nchi yake katika Olimpiki ya Beijing, mbio za mita 200. Katika kundi lake alikuwemo Veronica Campbell-Brown wa Jamaika, bingwa wa mbio hizo. Samia alimaliza wa mwisho, kwa sekunde 32.16. Wenzake walikuwa wameshafika zamani, yeye bado anakuja, mwembamba, peke yake kwenye njia. Uwanja mzima ukamshangilia mpaka mwisho. Waandishi wakamfuata. Yeye alishukuru, lakini alisema angependa siku moja ashangiliwe kwa kushinda, wala si kwa kuonewa huruma.

Kamera zikazimwa. Samia akarudi Mogadishu. Wakati ule Al-Shabaab walikuwa wakiwatisha wanawake wanaocheza michezo, kwa hiyo ilimbidi afiche kwamba ni mkimbiaji wa Olimpiki. Hebu fikiri! Mwezi mmoja dunia inakupigia makofi, mwezi unaofuata unaficha viatu vyako. Familia ikaishia kambi ya waliokimbia makazi yao. Mwaka 2010 alikwenda Addis Ababa kutafuta kocha. Mwaka 2011 akaanza safari ndefu kupitia Sudan hadi Libya, mikononi mwa wasafirishaji haramu wa watu, akitaka kufika Ulaya, apate kocha, akimbie katika Olimpiki ya London 2012.

Ndugu na marafiki zake walieleza baadaye kwamba huko Libya alifungwa. Nani alivaa namba yake? Ni balozi gani aliyebisha hodi kwenye gereza lile? Hakuna. Aprili 2012 alipanda chombo kwenda Italia, akafa maji. Hakufikisha miaka 22. Dunia ilipata habari miezi kadhaa baadaye, mwezi wa Agosti, pale Abdi Bile, Msomali aliyekuwa bingwa wa dunia wa mita 1,500 mwaka 1987, alipolitaja jina lake mbele ya watu na kuuliza kama wanajua yaliyompata. Ndipo magazeti yakaandika. Vitabu vikafuata. Samia hakusoma hata ukurasa mmoja.

Simsemi Griner vibaya. Aliteseka, na ni vizuri aliuliziwa. Ninachouliza ni hiki: kwa nini kuulizwa kuwe ni haki ya mwenye jina tu?

SOMALIA SI MBALI

Ninyi wa Handeni mnajua kuliko mimi. Vita ile ile iliyomlea Samia ndiyo iliyowaleta watu wa Chogo. Makazi ya Chogo yalifunguliwa mwaka 2003 hapa hapa wilayani Handeni, kwa ajili ya wakimbizi kutoka Somalia ambao wengi wao husema Kizigua. Wengine wamepata uraia wa Tanzania. Pengine mmoja wao anakaa dawati moja na wewe.

Na babu zao walifikaje Somalia? Masimulizi ya wazee yanasema kwamba katika karne ya 19 njaa kali iliingia Uzigua. Wakaja watu wakiahidi kazi na malipo ng'ambo. Waliokubali wakapakiwa majahazini, na walipofika Somalia wakauzwa utumwani. Sikilizeni maneno yale: kazi nzuri, malipo mazuri, twende tu, nauli juu yangu. Yana karibu miaka 200, na bado yanatumika pale stendi!

MSICHANA WA DARASA LETU

Sasa niwaambie jambo ambalo silipendi kulisema. Nilipokuwa kidato cha pili, mwenzetu mmoja aliacha kuja shule. Alikuwa anakimbia mita 400, hakuna aliyemshika katika michezo ya shule. Wiki ya kwanza tukaulizana. Wiki ya pili mtu akasema, "Ana mimba huyo." Wiki ya tatu sisi wote tulikuwa tunasema hivyo, mimi nikiwa mmoja wao. Tena mimi niliongeza chumvi, nikamtaja na mwanaume. Nilijitungia tu.

Hakuwa na mimba. Alichukuliwa na mtu aliyewaahidi wazazi kwamba atafanya kazi mjini na kusomeshwa jioni. Alifungiwa ndani ya nyumba, hakulipwa hata senti, na simu hakuwa nayo. Aliporudi baada ya mwaka na nusu nilikwenda kumsalimu. Hakulia. Aliniuliza swali moja tu: "Mlikuwa mnanisema au mlikuwa mnaniulizia?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina. Lakini naamini swali lile ndilo lililonileta kwenye kazi hii.

Kama unadhani mambo haya huwapata wajinga tu, mkumbuke Mo Farah, aliyeshinda dhahabu mbili katika Olimpiki ile ile ya London. Mwaka 2022 alieleza kwamba aliletwa Uingereza akiwa mtoto, kwa jina la mtoto mwingine, akatumikishwa kazi za nyumbani. Aliokolewaje? Alimwambia mwalimu wake wa michezo. Mwalimu akasikiliza, kisha akachukua hatua.

SASA UFANYE NINI?

1. Usibebe mzigo usioujua. Hata kama anayekuomba ni mama mtu mzima, hata kama ni "kifurushi tu, utapokelewa Segera". Kataa kwa adabu.

2. Ukiahidiwa kazi mbali, uliza: Mwajiri ni nani? Anakaa mtaa gani? Mkataba uko wapi? Mshahara ni kiasi gani, na nani ataushika? Nani atakaa na kitambulisho au pasipoti yangu? Anayekasirika ukimuuliza, ameshakujibu.

3. Kabla ya kusafiri, acha maandishi kwa watu wawili unaowaamini: unakokwenda, namba ya simu ya mwenyeji wako, na siku utakayopiga. Mkubaliane neno la siri. Ukilisema kwenye simu, wajue kwamba uko matatani.

4. Mwenzako akitoweka shuleni, usimseme, muulizie. Mwambie mwalimu wa malezi. Mwambie mtendaji wa kijiji au mtaa. Nendeni kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Pigeni 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure. Tanzania ina sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu tangu mwaka 2008. Anayemchukua mtu kwa udanganyifu ili amtumikishe ni mhalifu, hata akiwa shangazi.

5. Usitupe picha yake kwenye makundi ya simu bila idhini ya familia. Kama tulivyoona kwa Griner, kuna kelele zinazookoa na kuna kelele zinazoharibu. Jina lake, siku aliyotoweka, alikoonekana mara ya mwisho, alivaaje na alikuwa na nani vinasaidia. Maneno juu ya tabia yake: hayo ni umbeya.

6. Akirudi, mpokee. Usimdai hadithi. Aliyefungiwa anaweza kukosa usingizi, kushtuka ovyo, kutotaka kula, au kusema kwamba maisha hayana maana. Huo ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa. Mpeleke kituo cha afya, na usimwache peke yake.

Haya, yule wa kule nyuma, bado unaniuliza afya iko wapi? Afya haiko hospitali tu. Mtu mwenye watu wa kumuulizia ana kinga ambayo haiuzwi duka lolote la dawa.

Naomba leo jioni mfanye jambo moja. Mtazame darasani dawati lililo wazi. Mjue ni la nani. Halafu mwende nyumbani kwao mkapige hodi.