Ripoti ya Mtoto Haiandikwi Mezani

Wazazi wanapogombea mtoto mahakamani, Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 hutanguliza maslahi ya mtoto mwenyewe. Ndiyo maana afisa ustawi wa jamii huandaa ripoti ya kumwongoza hakimu. Lakini ripoti ya namna hii haiandikwi mezani. Afisa afike nyumba zote mbili. Aone mtoto analala wapi, afunue daftari lake la shule, aulize ni nani huamka homa inapopanda usiku. Kisha amsikilize mtoto faraghani, bila mzazi kumkazia macho. Wapiganapo tembo, ziumiazo nyasi. Mahakama ikipewa ripoti ya kubahatisha, nyasi hizo zitakanyagwa mara ya pili.